Mwalimu wa muziki si mtu wa bure

Leo sizungumzii bei ya unga wala hali ya barabara. Nazungumzia mtu ambaye karibu kila mtaa unaye lakini hakuna anayemhesabu: mwalimu wa muziki.

Mnamjua. Ndiye anayetafutia korali sauti. Ndiye anayekaza nyuzi za gita kabla ya misa au ibada. Ndiye anayewaonyesha watoto waweke kidole wapi na wakiondoe wakati gani. Na mnajua pia namna anavyosemwa. Huyo alishindwa kuwa mwanamuziki, ndiyo sababu anafundisha. Huyo hana kazi. Huyo ni mtu wa bure tu. Na kwa kuwa tumemwita mtu wa bure, basi na kazi yake tunaitaka bure.

Mimi nasema hapana. Maneno hayo ni ya uongo, na uongo huo unawaumiza watoto wetu kuliko unavyomuumiza mwalimu mwenyewe. Nitaleta ushahidi wa mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, si wa kabila langu, wala haimbi kwa lugha yetu, ili asitokee wa kusema kwamba namtetea ndugu au jirani.

Mtu mwenyewe ni nani

Anaitwa Joe Satriani. Ni Mmarekani, alizaliwa tarehe 15 Julai 1956 huko Westbury, katika jimbo la New York. Muziki wake ni rock, ule wa magita ya umeme yenye sauti kali, ambao kwenye redio zetu hausikiki sana kando ya rumba na nyimbo za injili. Wengi wanamjua kwa gita peke yake. Lakini alianza na ngoma akiwa mtoto, na kwenye albamu zake mwenyewe amepiga vyombo vingi. Katika albamu yake ya 1989, Flying in a Blue Dream, alipiga gita, besi, kinanda, banjo na harmonika, na nyimbo kadhaa akaziimba mwenyewe.

Tarehe 18 Septemba 1970 mpiga gita mkubwa Jimi Hendrix alifariki London. Satriani alikuwa na miaka 14. Habari ilimkuta kwenye mazoezi ya mpira wa Kimarekani shuleni kwao. Alimwendea kocha akamwambia kwamba anaacha mpira, kwa sababu atakuwa mpiga gita.

Najua mapapa wengi hapa wangeitikia habari hiyo kwa fimbo. Lakini tazameni alichofanya kijana huyo baadaye. Hakukimbilia jukwaa. Alikwenda kujifunza. Shuleni alisoma kanuni za muziki, yaani namna sauti zinavyopangwa, zinavyoandikwa na zinavyokubaliana. Mwaka 1974 akaenda kwa Lennie Tristano, mpiga piano wa jazz, kipofu, aliyejulikana kwa ukali wa masomo yake. Kwa Tristano mambo hayakuanza na vidole. Mwanafunzi alitakiwa kwanza aimbe kwa mdomo kipande kizima ambacho fundi mwingine alikipiga kwenye sahani, sauti moja baada ya nyingine, bila kuruka, kabla ya kukitafuta kwenye chombo chake.

Na akiwa bado kijana mdogo, Satriani alianza kufundisha. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Steve Vai, mtoto wa pale pale kwao, mdogo kwake kwa miaka minne. Vai mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alifika mlangoni na gita mkono mmoja na pakiti ya nyuzi mkono wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Satriani alihamia Berkeley, California, na huko akafundisha gita kwa takriban miaka kumi ndani ya duka lililouza magita yaliyokwisha kutumika. Kazi yake ilikuwa kukaa kitini, mtoto anaingia, saa yake ikiisha anatoka, mwingine anaingia.

Kama angekuwa mtaani kwetu, ndiye huyo huyo tungemwita mtu wa bure.

Eti ameshindwa ndiyo sababu anafundisha

Sasa tuhesabu waliopita kwenye kiti kile. Steve Vai akawa mmoja wa wapiga gita wanaojulikana zaidi duniani. Kirk Hammett alikuwa mwanafunzi wa Satriani mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati kundi lake la Metallica lilikuwa ndiyo linaanza. Leo Metallica imeuza albamu zaidi ya milioni 100. Alex Skolnick akaenda kupiga na Testament, Larry LaLonde na Primus, David Bryson na Counting Crows. Charlie Hunter akachagua jazz. Kila mmoja akatoka na mtindo wake, na hawafanani. Mwalimu mbaya anatoa wanafunzi wanaomuiga. Mwalimu mzuri anatoa watu.

Yeye mwenyewe je? Mwaka 1984 alitoa sahani yake ndogo ya kwanza kwa pesa yake. Sauti zote zilizomo zilitoka kwenye gita la umeme, hata zile zinazosikika kama ngoma. Kisha akarekodi albamu nzima, Not of This Earth, ambayo ilitoka 1986. Gharama aliilipa kwa kadi ya mkopo ya benki, na deni likamlemea mpaka akalazimika kwenda kupiga gita katika bendi ya Greg Kihn ili aweze kulipa. Hapo alikuwa na miaka karibu 30. Majirani wetu wangekuwa wameshatoa hukumu: mnaona, tulisema.

Lakini mwanafunzi hakumsahau. Steve Vai alipopata jina mwaka 1986 kwa kupiga gita na David Lee Roth, waandishi wa magazeti ya gita walikuja kumuuliza habari zake. Yeye akawaeleza habari za mwalimu wake. Aliyefundishwa akamfungulia mlango aliyemfundisha. Mwaka uliofuata, Oktoba 1987, ikatoka Surfing with the Alien. Albamu hiyo haina wimbo hata mmoja wenye maneno. Mbali na gita, besi na kinanda alivipiga yeye mwenyewe. Ilipanda mpaka nafasi ya 29 kwenye orodha ya Billboard, na nchini Marekani ikapita nakala milioni moja. Mwaka 1988 Mick Jagger wa Rolling Stones akamchukua kwenye safari yake ya konseri, na mwishoni mwa 1993 Deep Purple wakamwita ajaze nafasi ya mpiga gita wao aliyekuwa ameondoka. Mwaka 2024 Satriani na Vai walizunguka Marekani pamoja, wazee wawili, mwalimu na mwanafunzi, wakipiga kwenye jukwaa moja.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema anayefundisha ni aliyeshindwa, mwulizeni: ameshindwa lini? Alipokuwa na deni, au alipouza milioni? Maana alikuwa mtu yule yule, na mikono ile ile. Kile alichokipiga mbele ya umati alikuwa amekirudia maelfu ya mara mbele ya watoto dukani, akikieleza pole pole mpaka yeye mwenyewe akakielewa kwa kina. Mtu asiyejua kitu anaweza kukifanya kwa bahati siku moja. Kukifundisha hawezi.

Eti muziki ni uhuni

Papa, mama, nawaelewa. Mmewaona vijana walioanza na gita wakaishia kwenye pombe. Mmeona bendi zinazolala mchana na kuamka usiku. Hofu yenu haikutoka hewani.

Lakini kinachomharibu mtoto ni kukosa mtu wa kumshika, na gita halina kosa hapo. Rudini kwa Tristano na masomo yake. Mtoto anayetakiwa kuimba kipande kizima bila kosa kabla ya kugusa chombo anajifunza nini? Anajifunza kusikiliza. Anajifunza kukosea mara ishirini na kurudia mara ya ishirini na moja bila kulia. Anajifunza kufika kwa saa. Hayo ndiyo mnayoyatafuta mnapompeleka kwa fundi seremala au fundi cherehani. Kwa nini kwa seremala mnasema anajifunza kazi, na kwa mwalimu wa gita mnasema anapotea?

Uhuni mnaouona unatokana na vijana walioingia kwenye muziki bila mwalimu. Wanataka jukwaa kabla ya kujua kupanda na kushuka do-re-mi. Wanataka video kabla ya wimbo. Vijana wangu, nawaambia nanyi bila kuwabembeleza: Kirk Hammett tayari alikuwa ndani ya kundi linalorekodi, na bado alikwenda kukaa mbele ya mwalimu. Ninyi mnaojua nyimbo tatu mnasema mmeshamaliza. Mmemaliza nini?

Eti afanye kwa upendo

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi.

Arusi inakaribia, tunamwita mwalimu wa muziki aandae vijana wiki tatu. Siku ya sherehe mpishi analipwa, mwenye viti na hema analipwa, mwenye gari analipwa, mpiga picha analipwa. Mwalimu wa muziki anapewa sahani ya wali na soda, anaambiwa Mungu atakulipa. Korali inataka kushinda mashindano ya parokia au ya jumuiya, mwalimu anakuja kila jioni kwa mguu, na nauli yake hakuna anayeiuliza. Shule inataka watoto waimbe siku ya kufunga mwaka, mwalimu wa hesabu anahesabiwa kwenye prime ya wazazi, mwalimu wa muziki anaambiwa atashukuruwa kwa makofi. Kwa makofi hanunui hata kamba moja ya gita.

Tunaliita jambo hilo upendo, tunaliita sadaka. Sadaka ni kitu anachotoa mtu kwa hiari yake kutoka mfukoni mwake. Kile unachokitoa mfukoni mwa mwenzako bila kumuuliza kina jina lingine, na katika lugha yetu jina hilo si zuri.

Sikilizeni habari ya mwanamke mmoja. Delores Rhoads alikuwa mwalimu wa muziki huko California. Mume wake, ambaye pia alikuwa mwalimu wa muziki, aliondoka wakati mtoto wao wa mwisho alikuwa bado hajafikisha miaka miwili. Mama huyo alibaki na watoto watatu. Alikuwa na shule yake ndogo ya muziki, Musonia, katika mtaa wa North Hollywood, na kwa kazi hiyo aliwalea watoto wote watatu. Aliwapa chakula kwa masomo ya muziki yaliyolipiwa na wazazi wa watoto wengine.

Mtoto wake wa mwisho, Randy Rhoads, alijifunza hapo, kisha akafundisha hapo hapo. Mchana alikuwa mwalimu wa gita kwa mama yake, usiku alipiga na bendi yake ya Quiet Riot. Mwaka 1979 akachaguliwa kupiga na Ozzy Osbourne, na albamu mbili walizozirekodi pamoja, ya 1980 na ya 1981, bado zinachunguzwa na wapiga gita wa dunia nzima. Ndani ya ile ya kwanza kuna kipande kifupi alichokiita Dee, alichomtungia mama yake. Na akiwa tayari na jina, kila walipofika kwenye mji mpya alitafuta mwalimu wa gita la kiklasiki ili asome, na alimlipa. Alifariki kwenye ajali ya ndege ndogo tarehe 19 Machi 1982, akiwa na miaka 25.

Kijana anayejaza viwanja vya konseri anaingia kwa mwalimu asiye na jina, anakaa chini, anafundishwa, anatoa pesa, anasema asante. Alijua bei ya kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyomlisha alipokuwa mdogo. Je, sisi tusioweza hata nusu ya alichoweza ndio tuone aibu kulipa?

Wapo wajane kati yenu mnaonisikiliza. Wapo akina mama waliobaki peke yao na watoto baada ya kukimbia. Kama mmoja wenu anajua kufundisha kuimba, au anajua kinanda cha kanisa, msimfanye atumike bure. Hiyo ndiyo sufuria ya watoto wake.

Marekani si Kongo

Atasimama mtu atasema: unatuletea habari za Marekani. Kule kuna umeme, kuna maduka ya magita, kuna wazazi wenye pesa. Kwetu kuna nini?

Basi turudi nyumbani. Wote tunamjua Papa Franco, Luambo Makiadi. Alizaliwa 1938, baba yake akafa yeye akiwa bado mtoto. Mama yake aliuza mandazi kwenye soko la Ngiri-Ngiri, Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mtoto alijitengenezea gita lake na alilipiga kando ya meza ya mama ili wateja wasogee. Mwaka 1956 alikuwa miongoni mwa walioanzisha OK Jazz, na mengine mnayajua, maana hakuna baa wala teksi ambayo haijapiga nyimbo zake.

Lakini niambieni, nani alimfundisha Franco gita? Tukiuliza swali hili mbele ya watu mia moja, wangapi watajibu? Ni Paul Ebengo, waliyemwita Dewayon. Ndiye aliyemkalisha chini mtoto wa muuza mandazi akamwonyesha vidole, na ndiye aliyemwingiza kwenye kundi lake la Watam. Mwanafunzi tunamjua kwa majina yake yote. Mwalimu tumemwacha njiani.

Hakuna aliyesubiri duka la magita hapo. Kulikuwa na mtoto, kulikuwa na gita la kujitengenezea, na kulikuwa na mkubwa aliyejua zaidi yake na akakubali kumfundisha. Ukimtoa huyo wa tatu, mtoto anabaki na gita lake sokoni.

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa jina la nchi zote mbili, yetu na ya Brazzaville. Tulishangilia, wakubwa wakatoa hotuba. Ni vizuri. Lakini urithi haurithiwi kwa hotuba. Unarithiwa pale mkubwa anapokaa na mtoto akamwambia: rudia. Nchi inayojisifia rumba huku ikimwacha mwalimu wa gita aombe nauli, inajisifia shamba huku ikila mbegu.

Eti wakati wa vita muziki usubiri

Hili ndilo neno lenye uzito kuliko yote, na sitalikwepa. Wapo watakaosema: watu wanatafuta unga na hema, wewe unatuletea gita. Watoto wanaumwa kipindupindu, wewe unaongea habari za do-re-mi.

Ni kweli. Mtoto mwenye njaa hapewi gita badala ya uji. Maji kwanza, dawa kwanza, chakula kwanza. Na sitasema kwamba muziki unazuia risasi, au kwamba unaponya kila kidonda kilicho moyoni mwa mtoto aliyeona mabaya. Wanaoahidi hivyo wanatafuta pesa za mradi.

Lakini baada ya uji, siku bado ni ndefu. Shule ya mtoto imebaki kijijini, imefungwa, au wamelala ndani yake watu wengine waliokimbia. Mtoto wa miaka 13 anakaa kutoka asubuhi mpaka jioni bila mtu anayemngoja. Na wapo wanaomtafuta mtoto wa namna hiyo. Wenye silaha wanamtafuta. Wenye pombe wanamtafuta. Wanaume wabaya wanamtafuta binti. Hao hawasubiri vita viishe, na wala hawasemi kwamba bajeti haijatoka.

Mtoto ambaye saa tisa ya mchana anangojewa na mwalimu wake, akikosekana, kuna mkubwa mmoja anayeuliza: fulani yuko wapi leo? Hicho tu. Katika maisha ya kukimbia, ambamo majirani wametawanyika na wajomba wako mbali, kuwa na mkubwa mmoja anayekuhesabu kila siku si jambo dogo. Kwa mzazi ambaye amekwenda kutafuta kibarua toka alfajiri, ni msaada ambao hakuna turubai linaloweza kuutoa.

Na mwalimu huyo wala hatoki mbali. Yumo humo humo miongoni mwa waliokimbia. Amekuja na watoto wake na godoro, na vyombo vya kanisa ameviacha nyuma. Anapoulizwa kazi yake anajibu kwa sauti ya chini, kwa sababu amezoea kuchekwa. Mkulima anaonewa huruma kwamba amepoteza shamba. Mwalimu wa muziki hakuna anayeona kwamba naye amepoteza kitu.

Faida ya mtu anayejua vyombo vingi iko hapo. Mwenye chombo kimoja akikikosa anakaa. Anayejua ngoma, besi, kinanda na kuimba, mpe chochote kilichopo ataanza somo. Kama hakuna chombo, atafanya alichofanya Tristano: mtoto aimbe kwanza.

Nionye lakini. Asije mtu wa ofisi akasikia hayo akasema vizuri sana, basi hawahitaji vyombo. Satriani alirekodi sauti zote kwa gita moja mwaka 1984, lakini gita lilikuwepo, lilikuwa na nyuzi, na umeme ulikuwepo. Uwezo wa mtu wa kujikaza usigeuzwe kuwa sababu ya kumnyima.

Na ninyi wa miradi mnaokuja na gita moja na kamera tatu, mkawaimbisha watoto dakika arobaini, mkapiga picha na kuondoka, nawauliza: kesho yake nani anafundisha? Fedha ya mafuta ya gari lenu kwa siku hiyo moja ingemlipa mwalimu wa hapo hapo kwa wiki kadhaa. Mtoto aliyeonyeshwa gita mara moja na kuachwa amefundishwa kitu kimoja tu, kwamba wakubwa huja na kuondoka. Hilo alikuwa ameshalijua.

Tunachopaswa kufanya

Sisemi mambo ya juu ambayo hatuyawezi. Nasema haya tunayoyaweza.

Wachungaji, mapadri na wakubwa wa jumuiya: vyombo vya kanisa vinalala toka Jumatatu mpaka Jumamosi chini ya kitambaa. Mfungulieni mwalimu mlango siku mbili kwa wiki, awafundishe watoto wa waamini wenu na watoto wa waliokimbia pamoja. Na mwandikeni kwenye matumizi ya kanisa kama mnavyomwandika mlinzi.

Wakubwa wa shule: mkimwita mwalimu wa muziki, kubalianeni malipo kabla, si baada ya sherehe. Hata kidogo, kiwe kimesemwa.

Mashirika: mnapowauliza waliokimbia wanajua kazi gani, mkiambiwa muziki, msicheke, andikeni. Mtu wa humo humo afundishe na alipwe kila mwezi kama mnavyowalipa wahamasishaji wa afya.

Wazazi: asiye na pesa alete kikombe cha maharagwe, alete makaa, amfulie mwalimu nguo. Hakuna aibu hapo. Malipo ya namna hiyo yanamwambia mtoto wako kwamba anachojifunza kina bei. Mtoto anadharau anachokiona mzazi wake anakidharau.

Walimu wa muziki, nanyi nina neno kwenu. Mkitaka mhesabiwe kama walimu, fikeni kwa saa. Msiwaguse mabinti wa watu. Msifundishe mkiwa mmelewa. Andikeni majina ya wanafunzi wenu kwenye daftari, na mnayoyafundisha kila wiki. Kila mmoja wenu anayeharibu anawapa nguvu wale wanaosema muziki ni uhuni, na jirani yake asiye na kosa ndiye anayelala njaa.

Na ninyi mliofaulu, mnaoimba kwenye matamasha na kuhojiwa redioni: mkiulizwa mlianzaje, msiseme nilizaliwa na kipaji tu. Mlizaliwa na kipaji, sawa, lakini kuna mtu aliyewaonyesha. Tajeni jina lake. Steve Vai alifanya hivyo na hakupungukiwa kitu.

Basi wiki hii, kabla ya korali kuanza mazoezi, muulizeni mwalimu wenu ametumia kiasi gani kwa nauli toka mwezi uanze. Atakapokuwa amejibu, lipeni.